Sikilizeni Kwanza

Mwenyekiti, wanazuoni wenzangu, na ninyi wanafunzi, asanteni kwa kunipa nafasi ya kulizungumzia hadharani pendo langu la tangu ujana: raqs sharqi, ngoma ya jukwaani ya Misri, ambayo nimeicheza kwa miaka yote niliyofundisha chuo kikuu.

Wengi wakiitazama ngoma hii hukitazama kiuno. Leo nawaomba mfikirie sikio. Dumbaki ikishika mdundo wa maqsum, nyonga huitika. Nai, ile filimbi ya mwanzi, ikilia peke yake, mikono na kifua huipokea ile pumzi. Ganuni ikitetemesha nyuzi, tumbo nalo hutetemeka. Lakini pagumu kuliko pote ni kwenye taqsim: mpiga udi anabuni papo hapo, nawe hujui ataelekea wapi. Ukimtangulia umeharibu, ukichelewa umeharibu. Inakubidi utulie, sauti ikufikie, ndipo usogee, tena kidogo mno. Edward Said, profesa wa fasihi ambaye akiwa kijana alimwona mchezaji Tahia Carioca jijini Cairo, aliandika mwaka 1990 kwamba kiini cha usanii huu ni uchache wa kusogea. Ni kweli tupu, na mwili wangu unashuhudia.

Tahia aling'ara katika ukumbi wa Badia Masabni, miaka ya 1930. Samia Gamal naye alipitia hapo hapo. Nyuma yao kulikuwa na urithi wa wanawake wachezaji ambao Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliwafukuza Cairo mwaka 1834, wakahamia Misri ya Juu, yaani kusini mwa nchi. Wasafiri wa Ulaya, mwandishi Mfaransa Flaubert akiwa mmojawao, waliwafuata hadi mji wa Esna huko kusini, wakaandika kurasa kwa kurasa kuhusu miili yao. Muziki waliouchezea ukapewa mistari michache. Hilo linanikasirisha mpaka leo.

Huniuliza watu: kwani utafiti hautoshi, mpaka ucheze? Mtazameni Farida Fahmy, nyota wa kikundi cha ngoma cha Reda kilichoanzishwa Misri mwaka 1959. Alicheza kwanza, miaka na miaka, kisha akaenda California kusomea ngoma na kuandika tasnifu ya uzamili kuhusu ubunifu wa Mahmoud Reda, mtunzi wa ngoma za kikundi hicho. Mambo aliyoyaandika aliyajua kwa nyayo zake.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka nimsimamie utafiti wa muziki wa Misri, karibu sana. Tutaanzia ukumbi wa mazoezi, miguu mitupu, na maktaba itafuata.