Geti la Laramie: Safari ya Lori Wakati wa Theluji

SALMA: Karibuni, wasikilizaji. Kaka Baraka, uliahidi kutusimulia safari yako ya lori kutoka Chicago hadi Salt Lake City mwezi wa Januari. Naomba turuke Iowa na Nebraska, twende moja kwa moja Wyoming, mahali ulipokwama.

BARAKA: Ahsante, dada Salma. Nilikwama Laramie, kwa kuwa barabara kuu namba 80 ilikuwa imefungwa kuelekea Rawlins; geti limeshushwa kukata barabara kama lile la kivuko cha reli, na maegesho yote ya malori yamejaa. Nilipotazama juu, anga lilikuwa jeupe bila wingu, nikadhani tunachezewa.

SALMA: Kama theluji haikuwa ikianguka, walifunga kwa ajili ya nini?

BARAKA: Upepo. Theluji iliyoanguka juzi huzolewa kutoka uwandani na kupita juu ya lami kama mchanga, hata dereva wa lori akawa anaona jua na vilele vya milima, ilhali barabara iliyo mbele ya magurudumu yake haioni. Tela tupu ndilo hupinduka mwanzo, kwani ubavu wake ni tanga lisilo na shehena ya kulituliza.

SALMA: Basi kwa nini barabara ilipitishwa hapo?

BARAKA: Ufupi wa njia. Barabara ya zamani, namba 30, inazunguka kaskazini kupitia Medicine Bow, ikifuatana na reli. Wahandisi waliona kwamba wakipita karibu na Elk Mountain wataokoa takriban kilomita 30, na wenyeji waliojua upepo wa pale wakawaonya bila kusikilizwa. Kipande hicho kilifunguliwa tarehe 3 Oktoba 1970, na siku chache baadaye dhoruba ikakifunga. Kuanzia 1971 zilijengwa nyua ndefu za mbao upande unakotokea upepo, ili theluji irundikane huko kabla ya kufika barabarani. Zimesaidia sana, ila geti bado lina kazi.

SALMA: Na barafu isiyoonekana?

BARAKA: Hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi, maana lami huonekana imelowa tu. Mzee mmoja wa kazi alinifundisha nitazame magurudumu ya gari lililo mbele: yakirusha maji, ni maji, yakiacha kurusha na lami bado inang'aa, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu wala usiguse breki. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu baridi huyapiga juu na chini.

SALMA: Kazini walikuelewa?

BARAKA: Msimamizi wa safari alipiga simu mara nne akiuliza kwa nini sijaondoka. Mara ya nne nilimtumia picha ya geti.

SALMA: Likafunguliwa lini?

BARAKA: Saa kumi alfajiri. Nilipofika karibu na Elk Mountain, tela moja lilikuwa limelala ubavu kando ya barabara, taa zake bado zinawaka.