Masomo ya Nyumbani Wakati wa Likizo: Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Bila Kumchosha

Karibuni, wazazi wenzangu na walezi wote. Likizo ndefu ya kiangazi imeingia, na kama unamfundisha mtoto nyumbani huenda una hofu mbili kwa pamoja: ukimwacha acheze tu atasahau aliyojifunza, na ukimkalisha na madaftari kutwa nzima atachukia masomo. Leo tunapanga likizo ambayo mtoto anasoma na bado anajua yuko likizo. Mimi nasimamia jambo moja: kipindi hiki somo lianze na swali ambalo mtoto anaweza kulijibu kwa mikono na macho yake mwenyewe, ndipo kitabu kifuate.

Hatua ya kwanza, kaa na mtoto mpange. Chukua karatasi kama hii, ipige mstari katikati. Upande wa kushoto mtoto aandike mambo anayotamani kuyajua, au akuambie umwandikie. Usimkosoe. Akitaka kujua paka anaonaje usiku, andika. Akitaka kutengeneza mtumbwi, andika vilevile. Upande wa kulia andika wewe mambo mawili au matatu yaliyomshinda muhula uliopita, si kumi: kugawanya, sehemu, kusoma kwa ufasaha. Sasa kazi yako ni kuyaingiza ya kulia ndani ya yale ya kushoto. Mtumbwi, hata wa maboksi, unataka vipimo, na vipimo vitamlazimu agawanye.

Hatua ya pili, muda. Chagueni wakati mmoja wa siku na msiubadilishe badilishe. Asubuhi ndiyo nzuri, kabla jua halijawa kali. Kwa mtoto wa miaka 6 au 7, naona dakika 20 mezani zinatosha. Mwenye miaka 10 na zaidi anaweza kufika 40. Usidharau kidogo cha kila siku. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio ya kukariri, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau kwa kasi mwanzoni, na marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kwa hiyo dakika 10 za jedwali la kuzidisha kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi. Na funga daftari wakati mtoto angali na hamu, hata kama ukurasa haujaisha.

Sasa tutoke nje, maana hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tunatengeneza saa ya kivuli. Tafuta kijiti kilichonyooka, urefu wa mita moja hivi, mawe madogo, futikamba, daftari na penseli. Kichimbie kijiti mahali tambarare panapopata jua kutwa. Kuhakikisha kimesimama wima, funga jiwe kwenye uzi uuning'inize kando yake, namna hii. Kijiti kikienda sambamba na uzi, kiko sawa.

Kabla hamjapima chochote, muulize mtoto: baada ya saa moja, ncha ya kivuli itakuwa wapi? Mpe jani aliweke pale anapodhani. Usimsaidie wala usimtolee jicho. Kisha weka jiwe kwenye ncha ya kivuli cha sasa, mpime urefu, aandike saa na sentimita. Halafu mwache akacheze. Saa moja ikipita mrudi mkaangalie: jani liko wapi na kivuli kiko wapi? Mtoto aliyebahatisha atataka kubahatisha tena, safari hii kwa kufikiri. Somo hili linachukua siku nzima, lakini kila mnapokwenda ni dakika tano tu, na mtoto haoni kama yuko darasani. Ukiwa na watoto wa umri tofauti, mdogo aweke mawe, mkubwa asome vipimo na kuandika. Jambo moja la kusisitiza: kamwe wasilitazame jua lenyewe. Tunatazama kivuli. Wavae kofia na wanywe maji.

Jioni leteni daftari mezani. Mtoto achore grafu: saa chini, urefu wa kivuli pembeni. Ataona mstari unashuka, unafika chini kabisa karibu na saa sita mchana, kisha unapanda. Huenda kivuli kifupi kuliko vyote hakikuangukia saa sita kamili. Mwambie sababu: saa ya ukutani hufuata muda uliopangwa kwa eneo kubwa, ila jua hufika juu kabisa kwa wakati tofauti kila mahali. Kisha mpe hesabu hii: dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, je, kwa saa moja inazunguka digrii ngapi? Agawanye mwenyewe apate 15. Hapo umefundisha kugawanya bila kulitaja neno hilo.

Akiwa na umri wa kuelewa pembe, msimulie habari za Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Aleksandria, mji wa Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alisikia kwamba kule Siene, yaani Aswan ya leo, kuna siku ya kiangazi ambayo jua la adhuhuri humulika hadi chini ya kisima. Siku hiyohiyo Aleksandria vivuli vilikuwepo, na pembe yake ilikuwa kama digrii 7.2, sehemu moja ya 50 ya duara. Akachukua umbali kati ya miji hiyo miwili, akauzidisha mara 50, akapata mzingo wa dunia. Mtoto aliyeshinda na kijiti chake juani ataielewa habari hii hadi mifupani.

Siku ya mawingu? Hatua ya nne: uzi na jiwe. Funga jiwe kwenye uzi, upime sentimita 100 kutoka unapoufunga juu hadi katikati ya jiwe. Livute kidogo, liachie, hesabuni mara 10 za kwenda na kurudi. Itachukua takriban sekunde 20. Sasa muulize: tukiweka jiwe zito zaidi, litakwenda haraka? Karibu kila mtoto atasema ndiyo. Jaribuni muone muda haubadiliki, mradi urefu ni uleule. Kisha fupisheni uzi hadi sentimita 25: mara 10 zitachukua sekunde 10 hivi. Urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu. Mwache akae na fumbo hilo kabla hujamweleza.

Kusoma sitakaa sana. Msomee kwa sauti kila siku, hata akiwa anajua kusoma, na kitabu achague yeye. Kuandika kuwe na msomaji wa kweli: barua kwa bibi, kanuni za mchezo alioubuni, maelezo ya jaribio la jiwe ili rafiki yake alirudie.

Hatua ya mwisho inahusu zawadi. Tafadhali usimwahidi mtoto pipi au hela kwa kila ukurasa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti mapema ili wachore, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao walipoachwa huru. Waliopewa cheti bila kutarajia, hamu yao haikupungua. Basi mpongeze kwa alichofanya, kitaje: "Umepima mara mbili ulipoona namba imekuwa ya ajabu." Na siku akigoma kabisa, angalia kwanza kama amelala vizuri na amekula. Bado hataki? Iwe mapumziko, kesho mrudi kwa wakati uleule.

Kila mwisho wa wiki badilishaneni viti. Mtoto asimame awe mwalimu, akufundishe jambo moja alilolifanya, nawe uulize maswali ya mwanafunzi asiyejua kitu. Usimrekebishe katikati. Pale anapokwama, weka alama kwenye daftari lako. Somo la Jumatatu linaanzia hapo.