Sikiliza Kwanza, Waya Utakatwa Baadaye

Shikamooni wazee wangu, na vijana wenzangu wa gereji, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu ya alamu za magari zinazolia bila sababu. Naomba tuyatoe hayo maneno mawili ya mwisho. Katika kazi yangu ya umeme wa magari sijakutana na alamu iliyolia bila sababu. Nimekutana na nyingi zilizolia kwa sababu ambayo mimi nilikuwa sijaijua, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Jambo hili linanigusa. Gari likipiga kelele saa nane za usiku, mtaa mzima unaamka: mtoto mchanga, mgonjwa, mtu anayewahi zamu alfajiri. Likilia usiku wa kwanza watu wanachungulia dirishani. Likilia wiki nzima, hakuna anayenyanyua kichwa kwenye mto, na siku mwizi akija kweli, gari halina mlinzi tena. Ndiyo maana nasikitika nikiona kijana anakimbilia koleo na kukata waya wa king'ora. Kelele imeisha, ugonjwa umebaki.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi. Chini ya dashibodi kuna boksi dogo, ndiyo kichwa cha alamu. Lenyewe halioni kitu. Linapokea habari kutoka kwenye swichi za milango, swichi ya boneti, swichi ya buti na sensa ya mtikisiko, yaani kifaa kinachohisi gari likitikiswa, na pia linategemea umeme wa betri. Mojawapo likipeleka habari ya uongo, boksi linaamini na kupiga king'ora.

Mimi huanza na boneti. Swichi yake ni kijiti kinachobonyezwa boneti ikifungwa, nacho kinakaa mahali pabaya kuliko swichi zote: joto la injini, vumbi, maji ya kuoshea, na kwetu huku pwani, hewa ya chumvi. Kinaota kutu, umeme unavuja kidogo kwenda kwenye bodi la gari, na boksi linadhani boneti imefunguliwa. Wakati wa masika mtaona magari mengi ya namna hii.

Niwaeleze kisa kimoja ambacho bado kinaniuma. Mzee mmoja, dereva mstaafu, aliniletea gari lake likilia kila usiku. Niliangalia juu juu, nikamwambia alamu imekufa, nikamfungia mpya. Akalipa. Usiku wa tatu ikalia vilevile. Niliporudi kwa utulivu, nikagundua gari lilikuwa limenyooshwa boneti baada ya ajali, na zile raba ndogo za kuikalisha hazikurudishwa. Boneti ilikuwa inakigusa kile kijiti kwa ncha tu. Lori likipita, upepo wake unaiinua kidogo, king'ora kinaanza. Nilimrudishia fedha yake, nikaweka raba, nikakipandisha kijiti kidogo, ikatulia. Tangu siku ile sifungui boksi la alamu mpya kabla sijapima boneti.

Baada ya hapo nenda kwenye betri. Chukua mita, pima asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, kabla hujaliwasha. Betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ukiona 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12 imechoka sana. Zipo alamu zinazosikiliza kushuka kwa volti, maana mlango ukifunguliwa taa ya ndani huwaka na volti hutikisika. Sasa betri dhaifu inatikisika yenyewe. Hata feni ya rejeta inayowaka baada ya injini kuzimwa inaweza kuiamsha alamu ya namna hiyo. Kwa hiyo mteja akikwambia inalia dakika chache tu baada ya kufunga gari, muulize kama feni huwa inazunguka wakati huo. Kaza vichwa vya betri, safisha ule unga mweupe, angalia waya wa athi, ule wa upande hasi wa betri, unaposhika bodi. Kazi ya dakika kumi, na mara nyingi ndiyo tiba yenyewe.

Kuna ving'ora vyenye betri yake ndogo ndani. Hivyo mwizi akichomoa betri kubwa vinaendelea kulia. Ile betri ndogo ikizeeka, king'ora kinaweza kupiga kelele hata boksi likiwa halijakiamrisha. Ukichomoa betri ya gari na kelele haikatiki, umeshajua wa kumtazama.

Sensa ya mtikisiko wengi wanaifahamu, kwa hiyo sitakaa hapo. Ina skrubu ya kupunguza ukali. Izungushe kidogo kidogo, funga gari, subiri dakika moja, kisha gonga nguzo ya mlango kwa kiganja. Usigonge kioo. Lakini kwanza hakikisha imefungwa imara. Nimezikuta zinaning'inia chini ya dashibodi kwa waya wake tu, na hapo hata ukipunguza ukali mwaka mzima hutapata utulivu. Kama gari lina sensa inayosikiliza hewa ya ndani, basi usiache kioo wazi hata kidogo, ingawa najua joto letu linavyotushawishi.

Wenye magari, ninyi mnaweza kutusaidia kuliko mnavyodhani. Andikeni: ililia saa ngapi, mvua ilikuwa inanyesha, lori lilipita, gari lilikuwa juani? Inayolia alfajiri hunipeleka kwenye betri. Inayolia mvua ikinyesha hunipeleka kwenye swichi. Tena alamu nyingi zina kumbukumbu: ukiizima kwa rimoti baada ya kulia, hesabu milio au mwako wa kile kitaa cha dashibodi kabla hujawasha injini, maana kwenye nyingi ukiwasha injini inafutika. Kitabu chake kitakwambia hesabu hiyo ni mlango, boneti au mtikisiko.

Ikikosekana dalili, tenganisha kimoja kimoja. Usiku huu chomoa swichi ya boneti peke yake na uzibe waya wake kwa utepe. Kesho irudishe, chomoa sensa. Ukichomoa vitu vitatu kwa pamoja na kelele ikaisha, bado hujajua ni kipi.

Hapo nje kuna gari la jirani yetu mmoja, limelia usiku wa kuamkia leo na halijawashwa tangu hapo. Mita ninayo. Tutoke, wazee mtangulie, na kijana mmoja anifungulie boneti.