Mwanangu kazaliwa Leicester, ila Mwingereza bado

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Leo naongea taratibu maana bwana mdogo kalala chumba cha pili, na akiamka ndio mwisho wa video.

Kuna swali linanifuata tangu nijifungue. Mama kaliuliza, shangazi kaliuliza, na nyie kwenye maoni hapo chini mmeliuliza mpaka basi: "Mtoto si Mwingereza huyo, sasa nyie wazazi makaratasi mnapata lini?" Jamani. Mtoto kazaliwa Leicester, kapimwa kilo zake Leicester, na si Mwingereza.

Huo mlango waliufunga zamani. Tangu tarehe 1 Januari 1983, kuzaliwa Uingereza peke yake hakukupi uraia. Lazima siku unayozaliwa, mama au baba awe raia wao au awe na ukaazi wa kudumu. Mimi muuguzi wa viza ya kazi, mume wangu kaja kama mtegemezi wangu, sasa huo uraia mtoto autoe wapi? Nadhani mnaichanganya na Marekani, na hata huko mtoto aliye raia hawezi kumwombea mzazi wake ukaazi mpaka afikishe miaka 21.

Na mimi nisijifanye mjanja. Tulipokwenda kumwandikisha, ndani ya siku 42 kama wanavyotaka, tukapewa cheti kizuri, kina jina la mtoto, kazi ya baba, kazi ya mama. Nikakipiga picha nikarusha kwenye kundi la familia, vigelegele. Kumbe cheti kile kinasema umezaliwa wapi na nani, basi. Habari ya uraia hakina.

Mtoto ana miezi mitano tukakata tiketi twende Tanga, bibi yake amwone. Zimebaki wiki tatu, tuko kazini tunakunywa chai, muuguzi mwenzangu Mnigeria ananiuliza, "Viza ya mtoto imetoka?" Viza gani, mtoto kazaliwa hapa? Akaweka kikombe chini. Ndipo nikaelewa: akiwa ndani ya nchi hakuna anayemsumbua mtoto mchanga, lakini akitoka bila kibali, kurudi anatakiwa kuwa na viza kama mgeni mwingine yeyote. Yaani mimi Jumatatu nina zamu, mtoto kakwama Tanga! Hela ya tiketi ikaenda na maji.

Tukaanza upya. Kwanza pasipoti ya Tanzania, kwa sababu huyu ni raia wa Tanzania wa kurithi, sisi wazazi wake tumezaliwa nyumbani. Picha tulimpigia sakafuni: mimi nimemlaza juu ya shuka namshika miguu, baba yake kapanda kiti anampigia mluzi ili afumbue macho. Picha arobaini na ushee, ikafaa moja. Halafu ndio viza ya utegemezi, iende sambamba na yangu. Sisi watu wa afya tumesamehewa ile ada ya matibabu inayolipwa unapoomba viza, lakini wenzetu wa viza nyingine mtoto analipiwa pauni 776 kwa mwaka, na hapo ada ya viza yenyewe hujaigusa.

Haya, uraia wao sasa. Njia moja ni kupitia kwetu: mmoja wetu akipata ukaazi wa kudumu, tunamwandikisha mtoto kabla hajatimiza 18. Nilipoingia, kuupata huo ukaazi ilikuwa baada ya miaka mitano. Mei 2025 serikali ikatangaza inataka iwe kumi, kwa hiyo huko siweki tena mahesabu yangu.

Njia nyingine ni ya mtoto mwenyewe. Kazaliwa hapa, kaishi hapa miaka yake 10 ya mwanzo, ana haki ya kuandikishwa, hata kama wazazi hawana karatasi hata moja. Wabeba boksi wenzangu, hapa tusikilizane. Kila mwaka katika hiyo 10, asiwe nje ya nchi zaidi ya siku 90. Sasa sisi tunafanyaje? Kulelesha mtoto huku ni ghali, zamu za usiku haziishi, tunampeleka kwa bibi "mpaka aanze shule." Bibi anafurahi, mtoto anakunywa uji wake, Kiswahili kinanyooka. Miaka mitatu hiyo, na ile njia umeiziba mwenyewe. Wakubwa wa uhamiaji wana uwezo wa kulegeza, lakini usitegemee miaka mitatu ya kuwa nje waipitishe kama siku tano zilizozidi. Sisemi msiwapeleke. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Nasema ujue unalipa nini.

Upande wa nyumbani nao, hamuulizagi. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Mtoto anaweza kuwa nao wote wawili, akishafika 18 inabidi achague. Na uraia wa kurithi haurithishwi tena: akija kuzaa huku na mtu asiye Mtanzania, mjukuu wangu si Mtanzania. Hili ndilo linaloninyima usingizi, sio la Uingereza. Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni Mkisii wa Kenya. Katiba yao ya 2010 imewaruhusu uraia pacha, wanawe wana pasipoti mbili, na yeye hana presha kabisa.

Mimi si wakili, kila mtu na kesi yake, mkamwone mwanasheria mwenye leseni.

Huyo, kaamka. Tiketi tumekata upya, Desemba, siku 35. Nimeziandika kwenye daftari lililoning'inia kwenye friji, ukurasa wake wa kwanza. Mama, andaa uji.