Jicho Liko Kichwani, Mzinga Uko Kiunoni

Wenzangu, baadhi yenu mmeshanisikia nikilipigia kelele jambo hili mpaka mmechoka. Mtavumilia. Nitalirudia hadi siku tutakayomaliza mchezo wetu wa vita vya sanamu mezani bila watu wazima wawili kulala kifudifudi kando ya meza wakibishana kama roboti imeona au haijaona.

Kuona ni jambo moja, kupiga ni jingine. Kwa askari wa sentimita 3 haidhuru, maana jicho na bunduki yake havijaachana sana. Lakini chukueni jitu, yaani roboti kubwa, lenye kichwa kwenye sentimita 22 na mzinga kiunoni, sentimita 15. Kanuni za mchezo wa sanamu wa Warhammer 40,000, toleo la 2023, zinasema sehemu yoyote ya sanamu ikiweza kuona sehemu yoyote ya nyingine, basi imeiona. Kwa hiyo kichwa kinachungulia juu ya ukuta, na mzinga uliozibwa na tofali unafyatua. Risasi imepita wapi?

Tupime. Ukuta una kimo cha sentimita 9, uko sentimita 20 mbele ya jitu. Nyoosheni uzi kutoka mdomo wa mzinga, uguse ukingo wa juu wa ukuta, uendelee upande wa pili. Kutoka 15 hadi 9, umeshuka 6 ndani ya 20. Kwa mteremko uleule, utafika kimo cha askari ukiwa umeupita ukuta kwa sentimita 20 nyingine. Askari aliye ndani ya hizo 20 hapigwi; hicho ndicho kivuli cha ukuta. Sasa anzieni kichwani: uzi unashuka 13 ndani ya 20, na kivuli kinabaki sentimita 9 na kidogo. Hapo katikati mna karibu sentimita 11, na kikosi kizima kinakufa au kinapona kutegemea uzi umeanzia wapi! Nasema uanzie kwenye mdomo wa silaha inayopiga, kila silaha kivyake.

Najua kuna atakayesema jitu liko juu, linaona kila kitu. Haya, panda juu ya KICC, lile jengo refu la Nairobi. Paa la City Hall iliyo jirani utaliona lote. Aliyeegemea ukuta wa upande wa pili humwoni ng'o. Na jitu likisogea hadi sentimita 10 kutoka ukutani, kivuli cha mzinga kinapungua hadi 10. Ndiyo raha yenyewe: mwenye jitu alazimike kusogea, na huko anakosogea kuna mtu na kombora la begani anamngoja.

Mwingine atasema linaweza kuinama. Liiname, lakini lilipie: zamu hiyo lisitembee. Na yule anayegundisha jitu lake likiwa limepiga goti ili lijifiche, dawa yake ipo. Mchezo wa BattleTech wa Marekani, uliotoka 1984 kwa jina la BattleDroids, haupimi sanamu kabisa: mech (roboti ya vita) wa kawaida akiwa amesimama ana ngazi mbili, ngazi moja ni mita 6, mchongaji amemweka mkao wowote. Nasi tukate bomba la kadibodi lenye kimo tulichokubaliana, tulitie alama nyekundu penye mzinga, tulisimamishe mahali pa jitu ubishi ukizuka.

Tochi za leza za madukani Luthuli Avenue msizitegemee. Mkono ukitikisika kidogo, nukta inaruka ukuta mzima, na mnamulikana machoni. Uzi mweusi wa kushonea na pini vinatosha.

Kulipiga jitu lenyewe, haraka: antena, bendera na mitutu havihesabiwi, ni kiwiliwili na miguu tu. Nusu ikifichika, lina kinga. Kupiga katikati ya miguu ya jitu lenu wenyewe, askari wa miguu ruhusa, vifaru hapana. Nilikuwa na la jitu lililoanguka, lakini naona naonyeshwa saa. Nani ana uzi? Ukuta na jitu viko mezani, njooni mpime.