Kabla Hujahesabu Kilomita, Tazama Gurudumu la Nyuma

Ndugu zangu, kila ninapokaribishwa kuzungumzia safari za baiskeli naulizwa swali lile lile: "Kwa siku nitakwenda kilomita ngapi?" Nami nauliza: umebeba nini, na barabara inapanda wapi?

Chukueni barabara ya Mombo hadi Lushoto, kule milima ya Usambara, Tanga. Kilomita 33 tu. Ukiziona kwenye ramani unasema saa mbili nimefika. Nami nilisema hivyo, nikiwa na baiskeli nyepesi ya mbio na kilo 22 za mzigo, zote nyuma. Barabara ile inapanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona. Gia yangu nyepesi kuliko zote bado ilikuwa nzito, nikawa nasimama juu ya pedali, na kila nikisimama gurudumu la nyuma linalia. Kabla ya Soni, mji mdogo ulio njiani, nikasikia "tang!" Spoku imekatika. Nikaendelea, na hapo ndipo nilipokosea. Ya pili ilipokatika ringi ilipinda, ikawa inasugua breki. Zote za upande wa gia, ambako spoku haiingii mpaka ufungue gia, na kifunguo sina. Nikasukuma hadi Soni. Fundi alikuwepo, mkarimu kabisa, lakini spoku zake za Phoenix, zile baiskeli nzito za mizigo, hazikulingana na zangu.

Basi narudia, na nitazidi kurudia: fremu ya chuma, spoku 36 nyuma, tairi nene, na gia ya mbele iwe ndogo kuliko ile kubwa ya nyuma, ili upande mlima umekaa.

Najua kuna atakayesema, mbona wauza mkaa wanabeba magunia kwa Phoenix isiyo na gia? Watazameni vizuri! Keria ni ya chuma kizito, na wakifika mlimani wanashuka, wanasukuma. Hakuna anayejidanganya kwamba atamaliza kilomita 120.

Hesabu yenyewe ni fupi. Lami tambarare, na mzigo, ni kilomita 14 au 15 kwa saa. Saa tano za kukanyaga kweli, 70. Siku ya mlima gawa kwa mbili. Ondoka saa 12 asubuhi, saa 5 jua likiwaka uwe kivulini.

Mahema na maji muda hauniruhusu. Ila mkitoka hapa, fungeni mifuko kwenye keria, mkanyage taratibu, mtazame kisigino. Kikigonga mfuko, fremu hiyo ni fupi kwa nyuma, tafuteni nyingine.