Kilo, Siyo Miligramu: Uaminifu wa Kiwanda cha Bia

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Viwanda vya bia hupenda kuonyesha miti iliyopandwa langoni. Leo naomba twende nyuma ya kiwanda, kwenye bomba la majitaka.

Kiwanda kinachosimamiwa vizuri hutumia lita 3 hadi 4 za maji kwa lita moja ya bia. Kizembe huzidi hata 7. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka yamebeba sukari, pombe, hamira na kostiki soda ya kuoshea matangi. Yakifika mtoni, bakteria hushambulia ile sukari, humaliza oksijeni, na samaki hufa kwa kukosa hewa.

Sheria nyingi huweka kikomo kwa miligramu kwa lita, na hapo hila huingia. Chukua mita za ujazo 100 za majitaka ambazo kila lita inahitaji miligramu 3,000 za oksijeni ili uchafu wake uvunjwe. Jumla ni kilo 300. Mtu akiongeza mita 900 za maji safi, kipimo kinashuka hadi miligramu 300 na karatasi inapendeza. Mto bado unadaiwa kilo 300 zilezile, na maji safi yamepotea bure. Huo ni udanganyifu, hata kama mkaguzi ametia sahihi.

Dawa ni kuzuia uchafu usiingie mtaroni, na mkosaji mkubwa ni hamira. Angalieni anavyofanya mfanyakazi anayeharakishwa: anafungua kwa nguvu vali ya chini ya tangi la kuchachushia, pale hamira ilipotuama. Bia inatoboa njia katikati ya hamira na kutoka, hamira inabaki imeganda ubavuni, kisha mwoshaji anaisukumia yote mtaroni. Vali ifunguliwe kidogo kidogo, ifungwe dakika chache ili hamira iteremke, ifunguliwe tena. Maji machache ya suuza ya kwanza nayo yaende kwenye tangi la hamira. Kabla ya kulishwa ng'ombe, hamira ipashwe moto mpaka ife. Ikiwa hai huendelea kuchachuka tumboni na mnyama huvimba.

Machicha ya kimea, yaani mabaki ya nafaka, ni rahisi zaidi kuzuia, ila yana maji kiasi cha asilimia 75 hadi 80, na kwenye joto huchacha ndani ya siku mbili tatu. Kumuuzia mfugaji machicha yenye ukungu ni kumhamishia hasara yako.

Kwenye uoshaji, maji ya suuza ya mwisho yahifadhiwe yawe suuza ya kwanza ya zamu inayofuata. Kostiki isiachiliwe yote kwa mkupuo, kwa kuwa bakteria wa mtambo wa gesi, wanaosafisha majitaka kwa kugeuza uchafu kuwa gesi, hupenda pH (kipimo cha ukali wa asidi au kostiki) inayokaribia 7, na wimbi moja la kostiki linaweza kuwaua. Wekeni tangi la kusawazisha, ambamo kostiki na asidi hukutana na kupoozana kabla ya kwenda mtamboni. Gesi inayopatikana ichomwe kwenye boila.

Ninalolisisitiza zaidi ni hili: meneja anayelipwa bonasi kwa lita zilizofungashwa tu atafungua vali kwa nguvu kila siku. Kilo za uchafu kwa kila hektolita (lita 100) ya bia ziandikwe kwenye fomu ileile ya uzalishaji, na azipime mtu asiyekuwa chini ya mkuu wa uzalishaji.